Mahubiri ya Utajiri na Sadaka Inayogeuzwa Mtaji

Ndugu yetu mmoja, mpagazi wa mizigo katika bandari ya Kilindini na mhudhuriaji wa darasa letu la baada ya Magharibi, ametuletea swali ambalo tumeona lafaa kujibiwa kwa maandishi, ili manufaa yake yawafikie wengi. Asema kuwa afanya kazi pamoja na Mkristo mmoja, mtu mwema, mchapakazi, asiyekunywa pombe. Mwenziwe huyo husikiliza katika simu mahubiri ya wachungaji wa Marekani na wa Nairobi, na kila mwisho wa mwezi huwapelekea sehemu ya ujira wake, wala si sehemu ndogo, na huiita "mbegu". Ameahidiwa kwamba mbegu hiyo itamrudia mara mia. Huu ni mwaka wa tatu, naye yungali katika chumba kile kile cha kupanga, na mwanawe amerudishwa nyumbani kwa deni la karo. Alipomwuliza mchungaji wake akaambiwa kwamba imani yake ina upungufu. Ndugu yetu auliza: Je, haya ndiyo mafundisho ya Nabii Isa (A.S.)? Na je, ni kweli kwamba mwenye kubaki fukara, ufukara wake ni dalili ya upungufu wa imani? Maana, asema, "mimi pia ni fukara."

Kabla ya kuingia katika jawabu yapasa tuseme neno la uadilifu. Wakristo si kundi moja. Mafundisho haya, ambayo watu wameyapa jina la "injili ya mafanikio", si ya makanisa yao yote, wala si ya kale kwao. Katika Wakatoliki, Waanglikana, Walutheri, na hata katika hao hao Wapentekoste, wamo wengi walioyapinga, na baadhi ya maneno makali kabisa tuliyoyasoma juu yake yametoka katika kalamu za wachungaji. Kwa hivyo asije mtu akaichukua karatasi hii akaenda kumchekea jirani yake. Aliyeumizwa na jambo hili kuliko wote ni huyo jirani.

Asili ya mafundisho haya ni Marekani, na umri wake hauzidi sana miaka mia na hamsini. Katika jimbo la Maine palikuwa na fundi wa saa, jina lake Phineas Quimby, aliyefariki mwaka 1866. Huyu alishika kwamba maradhi huzaliwa na itikadi mbovu iliyomo akilini, na itikadi ikinyooshwa mwili nao hupona. Kutokana na yeye na wanafunzi wake kukatokea madhehebu ya watu wanaoamini kuwa fikira ya mtu ina nguvu ya kuvuta vitu: ukiwaza heri huja heri, ukiwaza shari huja shari. Msomaji ataona kwamba hapa Mungu hana kazi kubwa. Baadaye mhubiri E. W. Kenyon (1867–1948), aliyesoma katika chuo kimoja cha Boston ambako fikira hizo zilikuwa zimeenea, akazitia joho la dini. Akafundisha kwamba Mkristo ana haki ya afya na neema, na kazi yake ni kuitamka haki hiyo kwa kinywa chake mpaka imfikie. Kenneth Hagin wa Tulsa, katika jimbo la Oklahoma, aliyefungua chuo chake cha wahubiri mwaka 1974, akayachukua mafundisho ya Kenyon. Na wachunguzi wa Kikristo wameonesha kurasa za Hagin zinazofuatana na za Kenyon karibu neno kwa neno.

Upande mwingine palikuwa na wahubiri wa matajiri. Russell Conwell, mchungaji wa Kibaptisti wa Philadelphia, alizunguka nchi yake akitoa hotuba moja tu zaidi ya mara 6,000. Hotuba hiyo yaitwa "Acres of Diamonds", na yaanza kwa kisa cha mkulima wa Uajemi aliyeuza shamba lake akaenda kutafuta almasi mbali, kumbe almasi zi chini ya ardhi aliyoiuza. Conwell alisema kuwa kisa hicho alikisikia kwa kiongozi wake wa safari, Mwarabu, katika mto Dajla mwaka 1870. Kisa ni kizuri, na sisi watu wa pwani hatukatai visa. Lakini Conwell alikitolea hukumu mbili: kwamba ni wajibu wa mtu kuwa tajiri, na kwamba mafukara wanaostahili kuhurumiwa ni wachache mno, kwa kuwa aghlabu ya mafukara wamefukarishwa na kasoro zao wenyewe. Hukumu hii ya pili tunaomba msomaji aishike, kwani ndiyo iliyomfikia mpagazi wa Kilindini.

Aliyeiunganisha mito hii miwili akaitia katika televisheni ni Oral Roberts (1918–2009), naye pia wa Tulsa. Mwanzo wake ulikuwa wa hali duni. Alikuwa mchungaji wa kanisa dogo. Mwaka 1947, kama alivyosimulia mwenyewe, alifungua Biblia asubuhi moja macho yakamwangukia aya ya pili ya Waraka wa Tatu wa Yohana, ambamo mwandishi amwombea rafiki yake mafanikio na afya. Roberts akaona kwamba Mungu ataka watu wake wafanikiwe katika mali. Muda si muda akapata motokaa mpya aina ya Buick, na motokaa hiyo ikawa ni ushahidi wake.

Hebu tuisimamie aya hiyo kidogo. Ule ni waraka, na maneno yale ni salamu za mwanzo wa waraka. Sisi nasi tukiandika barua huanza kwa kumwombea ndugu yetu afya, neema na baraka, kisha ndipo tukasema "ama baada ya salamu". Je, atokee mtu baada ya karne kumi na tisa, aokote salamu za barua yetu, ajenge juu yake kanuni kwamba kila rafiki yetu ni lazima awe tajiri? Katika elimu ya usuli, dua haiwi ahadi, na ahadi ya mtu mmoja haiwi sheria ya watu wote. Wanavyuoni wa Kikristo wameyasema haya haya kwa njia yao.

Katika miaka ya 1950 Roberts aliwaambia watoaji kwamba Mungu atawarudishia walichotoa kwa njia wasiyoitazamia, na asiyerudishiwa katika muda wa mwaka na aje kwake yeye arejeshewe fedha zake. Twaweza kusema kuwa hapo palikuwa na jambo linalofanana na bei ya khiyari, mnunuzi ana haki ya kurejesha. Lakini ilipofika mwaka 1970 alitoa kitabu chake cha "Miracle of Seed-Faith", na humo sadaka ikawa ni mbegu: toa kwanza, kisha tazamia kuvuna. Mbegu iliyokufa haina wa kuirejesha. Na neno hili "kupanda mbegu" ndilo lililosafiri mpaka kwetu. Leo mwenye televisheni Nairobi au Mombasa huona nambari ya kulipia kwa simu imeandikwa chini ya uso wa mhubiri, na mtu apanda mbegu bila ya kuinuka kitandani.

Neno hili ni zuri kwa masikio ya mkulima, na ndiyo maana likaenea. Lakini mkulima yeyote wa Malindi au Lamu atakuambia kwamba mtu hupanda katika shamba lake. Huyu achukua mbegu yake akaipanda katika shamba la mwingine, na inapoota anayevuna ni mwenye shamba. Kisha mwenye shamba amwambia: "Tazama mavuno yangu, uone jinsi Mungu anavyowabariki wanaopanda!"

Na hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Mafundisho haya yameundwa kwa namna ambayo hayawezi kuoneshwa kuwa ni ya uwongo. Mtu akitoa kisha akapata kazi, huitwa mbele ya watu atoe ushuhuda. Akitoa kisha asipate, haitwi na mtu. Akija mwenyewe kuuliza huambiwa ametia shaka, au ametamka neno la kushindwa, au mbegu yake ilikuwa ndogo na aongeze. Basi wanaosikika ni waliopata, na wasiopata hunyamazishwa kwa haya, kwa sababu kusema "sikupata" ni kukiri mbele ya watu kwamba huna imani. Katika biashara zote tuzijuazo, hata ile ya dalali mjanja, kuna siku dalali hupata hasara. Katika hii dalali hapati hasara kamwe, na mwenye kupata hasara hupewa na lawama juu yake. Mafakihi wetu wameharimisha bei yenye gharari, ambayo mnunuzi hajui atapewa nini wala lini. Sijui wangeiitaje bei ambayo mnunuzi asipopewa kitu huwa yeye ndiye mwenye hatia.

Msomaji asidhani twazua. Mwezi wa Januari mwaka 1987 Roberts alitangaza kwamba asipopata dola milioni 8 kufikia mwisho wa Machi, Mungu atamwita, yaani atakufa. Fedha zilipatikana. Katika waliotoa alikuwako tajiri mmoja wa Florida, mwenye viwanja vya mashindano ya mbwa, aliyetoa dola milioni 1.3, akashauri pia mhubiri apelekwe kwa daktari wa akili. Hospitali kubwa aliyoijenga Roberts Tulsa, yenye majumba matatu ya ghorofa 60, 30 na 20, ilifunguliwa mwaka 1981, na mwaka 1989 ikafungwa kwa deni.

Mwaka huo huo wa 1989 mahakama ya Charlotte, katika jimbo la North Carolina, ilimhukumu Jim Bakker, mhubiri mwingine wa televisheni, kwa makosa 24 ya ulaghai na njama. Huyu aliwauzia watu "ushirika wa maisha" kwa dola 1,000, na kila mshirika aliahidiwa malazi ya siku tatu kila mwaka, maisha yake yote, katika mji wa starehe alioujenga huko South Carolina. Maelfu kwa maelfu walinunua, na hoteli iliyomalizika ilikuwa moja tu, yenye vyumba 500. Alifungwa miaka 45, kisha kifungo kikapunguzwa, akatoka mwaka 1994. Mwaka 1996 akaandika kitabu alichokiita "I Was Wrong", yaani nalikosea, na humo aeleza kwamba gerezani alipata wasaa wa kuyasoma maneno ya Isa yote kwa utaratibu, akaona hayaungi mkono yale aliyokuwa akiyafundisha juu ya mali. Kinyume chake, mengi yaonya juu ya mali. Ushahidi huu una uzito, maana ni wa mwenye nyumba dhidi ya nyumba yake. Tungependa kisa kiishe hapo. Walakini Bakker alirudi katika televisheni, na mwaka 2020 serikali ya jimbo la Missouri ikamshtaki kwa dawa ya maji yenye madini ya fedha iliyouzwa katika kipindi chake ikisemwa kuwa yaondoa korona. Shauri lilimalizwa mwaka 2021 kwa makubaliano ya kuwarudishia wanunuzi fedha, bila yeye kukiri kosa.

Kuna habari moja iliyotuuma zaidi ya hizo za mamilioni. Mwaka 1991 televisheni ya ABC ya Marekani ilitangaza uchunguzi juu ya Robert Tilton, mhubiri wa Dallas, aliyekuwa akiwahimiza watu wamwandikie haja zao pamoja na mbegu. Wachunguzi walionesha barua za haja hizo zilizookotwa katika mapipa ya taka huko Tulsa, fedha zimeshatolewa. Tilton alikanusha. Haidhuru, lakini mtu na aifikirie barua hiyo. Mama ameketi usiku ameandika kwa mkono wake kwamba mwanawe ni mgonjwa na aombewe, akatia dola zake ndani, akalamba bahasha.

Mwaka 2007 Seneta Charles Grassley alizitaka taasisi sita za wahubiri hawa zieleze hesabu zao za mishahara, majumba na ndege. Mbili zilijibu sawasawa, nne hazikutoa yote yaliyotakiwa, na ripoti ilipotoka mwaka 2011 hapakuwa na adhabu yoyote. Sheria ya Marekani huyaachia makanisa uhuru mkubwa katika mambo ya kodi na hesabu. Haikupita muda, mwaka 2015, Creflo Dollar, na hilo ndilo jina lake kweli, akawaomba watu 200,000 watoe dola 300 kila mmoja ili anunue ndege ya dola milioni 65. Na mwaka 2018 Jesse Duplantis wa Louisiana akaomba msaada wa kununua ndege ya dola milioni 54, itakayokuwa ya nne, akaeleza kwamba lau Yesu angekuwako duniani leo asingepanda punda. Twajua kwamba punda katika Injili zao si kwa ukosefu wa farasi.

Lakini aina iliyoenea zaidi leo si hii ya makelele. Ni ile laini, ya maneno ya kutuliza na tabasamu. Mwalimu wake wa kwanza ni Norman Vincent Peale wa New York, aliyetoa kitabu "The Power of Positive Thinking" mwaka 1952, na wa leo aliye mashuhuri ni Joel Osteen wa Houston. Kanisa lake la Lakewood, lililoanzishwa na babake mwaka 1959, tangu mwaka 2005 hukutana katika uliokuwa ukumbi wa mashindano ya mpira wa kikapu, wenye viti kiasi cha 16,000. Kitabu chake cha mwaka 2004 chaitwa "Your Best Life Now", na jina peke yake ni somo: maisha yako yaliyo bora kabisa, na ni sasa. Anayeambiwa kwamba maisha yake bora ni haya ya sasa, ya Akhera yamebakiwa na nini? Katika mahubiri ya namna hii dhambi haitajwi ila kwa nadra, wala kaburi, wala hisabu, wala haki za watu. Hatukatai kwamba muumini ahitaji bishara njema, Mtume wetu (S.A.W.) ameitwa mbashiri na mwonyaji. Ila daktari anayemfurahisha kila mgonjwa kwa kumwambia huna maradhi, wagonjwa wake humpenda mpaka siku ya mwisho wao.

Na maradhi ndiyo mizani. Kate Bowler, mwanachuoni Mkristo wa Kanada na mwalimu katika chuo kikuu cha Duke, alikaa miaka mingi akichunguza makanisa haya, akatoa mwaka 2013 kitabu cha tarehe yake kiitwacho "Blessed". Hakuwadharau watu wake. Aliketi nao akawasikiliza. Mwaka 2015, akiwa na umri wa miaka 35 na mtoto mdogo, akaambiwa ana saratani ya utumbo mpana iliyokwisha kuenea. Alieleza baadaye kwamba jirani mmoja alikuja mlangoni akamwambia mumewe kuwa kila jambo lina sababu yake. Mume akajibu kwamba angependa kuisikia. Jirani hakuwa nayo. Watu wa itikadi hii wakimwona mgonjwa, hawatulii mpaka wapate kosa lake, kwa sababu kama hana kosa, basi na wao waweza kuugua.

Hii ndiyo hali ya rafiki za Nabii Ayubu (A.S.) katika kitabu cha Biblia kilichoitwa kwa jina lake. Walikuja kumliwaza, wakaishia kumshika akiri dhambi, kwani haikuwaingia akilini kwamba mwema aweza kupatwa. Na mwishoni mwa kitabu hicho Mungu awakasirikia hao rafiki, wala hamkasirikii kama wao mgonjwa aliyelalama. Sisi nasi twamjua Ayubu kuwa ni kielelezo cha subira, na hakuna katika Waislamu asemaye kuwa alipatwa kwa uhaba wa imani. Basi tunamwambia muulizaji wetu: vitabu vya hao wahubiri wenyewe vinawapinga. Isa wa Injili zao ni yule asiyekuwa na mahali pa kulaza kichwa, aliyemwambia tajiri auze alivyo navyo awape maskini, si ampe yeye. Na aliyepindua meza za wafanya biashara ndani ya hekalu.

Ndiyo maana Wakristo wa Afrika wenyewe walisimama. Wanavyuoni wa kundi la Lausanne walikutana Akropong, Ghana, mwaka 2008 na tena mwaka 2009, wakatoa tamko kwamba mafundisho haya yapotosha Biblia na kwamba wahubiri wake wengi huishi kinyume cha mwenendo wa Isa. Hata Hagin mwenyewe, alipokuwa mzee, alitoa mwaka 2000 kitabu cha kuwakemea wanafunzi wake waliozidi mipaka katika kuchuma fedha. Lakini mti umekwisha kua, na aliyeupanda hana nguvu ya kuupinda.

Kwa nini basi watu wawafuate? Hapa yatupasa tusiwe na haraka ya kudharau. Wafuasi wa kwanza wa mahubiri haya huko Marekani walikuwa Wazungu mafukara wa kusini, kisha Weusi waliotolewa utumwani na wakafungiwa milango ya mabenki, kisha wahamiaji wasiokuwa na karatasi. Mtu aliyeambiwa maisha yake yote kwamba hafai kitu, anaposimama mbele yake mtu aliyevaa vizuri akamwambia "wewe ni mtoto wa mfalme", haulizi dalili. Na katika nchi zetu, ambako hospitali yataka fedha kabla ya kumtazama mgonjwa na kazi hupatikana kwa kujuana, mhubiri anayesema kwamba Mungu atafungua mlango amepata soko lililotayarishwa na wengine. Anayewalaumu masikini kwa kudanganywa na aanze kwa kuulaumu mji usiowapa cha kushika.

Sasa msomaji wetu mwerevu atatuambia: na nyinyi je? Si katika Suratul Baqara mna mfano wa punje moja iliyoota mashuke saba, na katika kila shuke punje mia? Hakika mfano huo umo, na hatuukimbii. Lakini tazama mambo matatu. Mfano ni wa wanaotoa katika njia ya Mwenyezi Mungu, na mapokezi ya sadaka za faradhi yamewekwa wazi katika Suratut Tawba, wa mwanzo wao wakiwa mafukara na masikini, msomeshaji hakutajwa. Pili, Mwenyezi Mungu humzidishia amtakaye, kwa hiari Yake na kwa wakati Wake, na wafasiri wameyaelekeza malipo hayo katika thawabu. Hakuna mahali tulipoambiwa kwamba punje hiyo italipa kodi ya nyumba mwisho wa mwezi. La tatu ndilo kubwa: katika aya za mwanzo kabisa alizoteremshiwa Mtume (S.A.W.), zilizomo katika Suratul Muddaththir, alikatazwa asitoe kwa kutazamia kupata kingi zaidi. Na katika Bukhari na Muslim imepokewa kwamba alikataza nadhiri, akabainisha kuwa nadhiri haileti kitu ambacho hakikuandikwa, ila ni njia ya kumtoa bakhili mali yake. Mja hawezi kumfanya Mola wake mdeni.

Ama kuhusu ufukara kuwa dalili ya upungufu wa imani, jawabu imo katika Suratul Fajr. Mwanadamu akineemeshwa husema Mola wangu amenikirimu, akibanwa riziki husema Mola wangu amenidunisha. Na Mwenyezi Mungu ayakanusha yote mawili kwa neno moja, kisha awageukia wasemao hivyo kwa swali la yatima na la chakula cha masikini. Qaruni alikuwa na hazina ambazo funguo zake ziliwalemea watu wenye nguvu, na wako waliotamani wawe kama yeye mpaka asubuhi ile ardhi ilipommeza. Mpagazi wetu na aondokane na wasiwasi huu.

Wala tusijione tumesalimika. Katika mji huu huu wako wanaojiita masharifu na wanaojiita masheikh, huuza azima ya kufungua biashara, na humwambia mwanamke aliyeachwa alete kiasi fulani cha fedha, asome jina fulani mara elfu kadha, na riziki itamiminika. Isipomiminika huambiwa hakuwa na udhu sawasawa au ana hasidi. Ni dalali yule yule, amebadilisha kanzu. Tumeyaandika haya zamani na tutayaandika tena.

Tumwambie nini yule mwenziwe? Asianze kwa kumlingania wala kwa kumbishia dini yake. Na amwulize jambo moja tu: mtoto yuko nyumbani kwa karo, na mbegu imekwenda, ni nani kati ya wawili hawa Mungu alimkabidhi? Saad bin Abi Waqqas alipotaka kutoa mali yake nyingi, Mtume (S.A.W.) alimzuia asivuke thuluthi, na hiyo thuluthi akaiona nyingi, kwa ajili ya warithi wake. Imepokewa pia katika Muslim kwamba dinari yenye ujira mkubwa kuliko zote ni ile ambayo mtu huwatumia ahli zake. Maneno haya Mkristo aweza kuyasikia bila ya kuhisi ameshambuliwa, na katika nyaraka za Paulo yamo yanayofanana nayo, juu ya ubaya wa mtu asiyewatunza watu wa nyumbani mwake. Akiyasikia kutoka katika kitabu chake yatamwingia zaidi.

Ama karo ya mtoto huyo, ndugu yetu amekwisha kujulishwa la kufanya, wala si jambo la kuandikwa hapa. Swali lake la pili, kwamba je, mpagazi mwenye deni la duka yampasa kutoa zakatul-fitri, lahitaji maelezo marefu, nalo tutalijibu katika toleo lijalo, inshallah.